Alhamisi ya Majani Kangema

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya sentensi moja. Mkaguzi wa shule alikuja kutoka wilayani akakaa nyuma ya darasa langu la kidato cha pili, kwetu Mufindi, nami nikaendelea kufundisha Kiingereza kama nilivyokuwa nimekifundisha kwa miaka minne: daftari mkononi, macho kwenye daftari, mdomo ukisoma yaliyoandikwa. Baada ya dakika kumi akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, funga hilo daftari, uendelee."

Nikalifunga. Sikuendelea. Nilisimama nikiwatazama wanafunzi arobaini, nao wakinitazama, na kila neno la Kiingereza nililowahi kulijua lilikuwa limeniaga. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Skolastika, alinyanyuka bila kuitwa, akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Alikuwa ananisitiri. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sijawahi kumsahau mtoto yule.

Haikupita miezi mingi ikatangazwa nafasi ya kwenda Kenya kusomea ufundishaji wa Kiingereza, mwaka mzima, katika chuo kimoja cha ualimu karibu na Nyeri. Nikaomba kabla sijapata muda wa kuogopa. Mkuu wangu wa shule alisaini fomu akaniambia bila kupepesa macho: "Anjela, ukirudi na cheti, Kiingereza ni chako. Ukirudi bila cheti nitakupa sayansikimu." Kupika napenda sana, lakini si kwa kuadhibiwa.

Nyeri nilifika mwezi wa kwanza, nikapanga chumba mtaa wa Skuta kwa mjane mmoja aitwaye Mama Wambui. Baridi ya pale haikunitisha, maana Mufindi tunazaliwa na sweta. Kilichonitisha ni kwamba watu wote, hata fundi viatu, walichanganya Kiingereza katika maneno yao bila kutoka jasho. Mama Wambui aliniita "Mtanzania wangu", na kila asubuhi alinilazimisha kunywa chai ya maziwa vikombe viwili na kula nduma, yale magimbi yao. Kuondoka kwake bila chai kulikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa darasani.

Mwezi wa tano ukaja na mazoezi ya kufundisha. Kanuni zilikuwa chache na kali. Kila mwanachuo atafundisha masomo matatu ya dakika arobaini, katika shule tatu tofauti, mbele ya msimamizi kutoka chuoni. Darasa lisipungue wanafunzi ishirini. Lazima masomo yote matatu upite, na alama zote ziwe chuoni Ijumaa ya mwisho kabla ya saa kumi. Aliyeshindwa hata moja hakuwa na haja ya kungoja mtihani wa mwisho. Alifungasha virago akarudi kwao. Mimi nilipangiwa Gatitu, hapo hapo pembeni mwa mji, kisha Chuka upande wa pili wa mlima, kisha Kangema.

Gatitu nilipita, na sasa naweza kusema nilipita vipi. Daftari la maandalio hukabidhiwa msimamizi somo linapoanza, kwa hiyo mimi nilinakili kila nitakachosema kwenye kikaratasi, nikakificha ndani ya kitabu cha kiada. Msimamizi wetu, Bwana Githaiga, mzee mrefu mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za matope, asiyezungumza nasi ila kwa Kiingereza, alikaa nyuma. Hakuona kitu. Nilitoka pale nikijiona mjanja.

Jumatatu ya wiki ya mwisho nilikuwa na shughuli moja tu kabla ya kupanda basi la kwenda Chuka. Pasipoti yangu ilikuwa katika ofisi moja mjini Nyeri ikiongezewa muda, nami nilikuwa nimeambiwa nipitie mchana. Basi liliondoka asubuhi. Nikajiambia kwamba nina barua ya utambulisho yenye mihuri mitatu, wa kijiji, wa kata na wa wilaya. Kwetu, mtu mwenye mihuri mitatu anaweza hata kuoa. Mama Wambui aliponiuliza, "Na passport?" nikamwambia nitaichukua nikirudi.

"Hapa Kenya bila kipande wewe si mtu," akasema, akimaanisha kitambulisho. "Wacha basi iende. Kuna ingine kesho."

Sikumsikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu niliujenga asubuhi ile kwa mikono yangu.

Chuka nilifika jioni, baada ya Karatina, Embu, na kona nyingi za mabonde ambazo zilinifanya nifunge macho na kufungua midomo kwa sala. Jumanne saa tatu nilisimama mbele ya kidato cha pili, kikaratasi ndani ya kitabu. Nilikuwa katikati ya somo upepo ulipoingia dirishani. Kikaratasi kikaruka, kikatua karibu na mguu wa mwalimu mkuu, Bwana Mutegi, aliyekuwa amekaa nyuma na Bwana Githaiga.

Mwalimu mkuu alikiokota, akakisoma kidogo, akaniletea mbele kwa adabu zote. "Mwalimu, hii karatasi yako imeanguka."

Wanafunzi hawakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamaliza somo nikiwa na ganzi. Bwana Githaiga alinipa alama ya kupita kwa unyoya, akaandika chini yake: mwalimu anasoma zaidi ya anavyosema. Kisha akavaa kofia yake.

"Jumatano, Kangema, saa nane mchana," akasema. "Huko sitakaa nyuma. Nitakaa mstari wa mbele kabisa."

Usiku ule Chuka sikulala sawasawa. Nilichukua barua ya mwenyeji wangu wa Kangema nikaisoma tena. Mwalimu Njeri, ambaye darasa lake ndilo ningelifundisha, alikuwa ameandika mistari minne tu ya kunikaribisha, na mstari wa mwisho ulisema: "Njoo Jumatano. Tafadhali sana isiwe Alhamisi." Hakusema kwa nini. Nikadhani ana safari zake.

Jumatano alfajiri nikapata basi hadi Embu, na kutoka Embu nikapanda Pijoti ya abiria ya kwenda Sagana, nikakaa mbele na dereva kama mke wa diwani. Saa tatu ilikuwa haijafika. Nilihesabu muda nikaona ningefika Kangema mapema, nioge, nipitie andalio mara tatu. Basi tukafika kwenye kizuizi cha polisi.

Askari alikusanya vitambulisho vya abiria wote mara moja, kama mtu anayegawa karata kinyumenyume. Mkono wake ukafika kwangu.

"Shikamoo, afande," nikasema.

Aliurudisha mkono. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwamkia hivyo barabarani, na akanitazama kama mtu anayedhihakiwa. "Kitambulisho."

"Sina, afande. Mimi ni Mtanzania. Sisi hatuna vitambulisho. Nina barua."

"Ati nchi nzima haina ID? Mtu mzima kama wewe?"

"Hatuna, afande."

"Na passport?"

"Iko Nyeri."

"Iko Nyeri inafanya nini, na wewe uko hapa?"

Abiria wakacheka. Nikamkabidhi barua yangu ya mihuri mitatu. Aliigeuza, akaisoma juu hadi chini, akaisogeza kwenye mwanga. "Stamp iko mingi kweli," akasema, "lakini hizi stamp mimi sizijui. Shuka, madam."

Pijoti ikaondoka. Niliiona ikiteremka kilima na kiti changu cha mbele kikiwa tayari kina mtu mwingine.

Askari yule hakuwa mtu mbaya, na nataka lieleweke hivyo. Alinipeleka kwenye kituo chao kidogo, akanipa benchi, akaniambia hanifungi lakini hawezi kuniacha niende mpaka mtu wa chuo aseme ananijua. Akazungusha simu. Laini ya chuo ilikuwa na watu. Saa nne akazungusha tena, hakuna aliyepokea. Saa sita ofisi ikawa imefungwa kwa chakula. Ukutani palikuwa na saa kubwa yenye kioo kilichopasuka, nami niliitazama mpaka nikaichukia. Saa saba. Saa saba na nusu. Niliomba niachwe niende na askari mmoja wa kunisindikiza. Akasema askari hawatoshi hata kwa wezi. Ilipogonga saa nane kamili nilijua kwamba huko Kangema mzee mrefu amekaa mstari wa mbele na mimi sipo. Nililia, tena si kwa siri.

Saa tisa karani wa chuo alipokea simu, akathibitisha kwamba kweli wanaye Mtanzania mmoja mnene kiasi anayeitwa Anjela. Askari akanirudishia barua. "Enda, mwalimu. Na siku ingine passport haiachwi nyumbani kama mwiko." Alikuwa na haki. Nikamwomba tu anizungushie simu ya shule ya Kangema.

Sauti ya Mwalimu Njeri ilikuwa ndogo na ya haraka. "Anjela? Ai, uko wapi? Huyu mzee ameketi hapa tangu saa saba na nusu! Nimemwomba, nimemwomba mpaka amechoka na mimi. Amesema kesho saa nne asubuhi. Saa sita lazima aende Othaya, na Ijumaa anafunga kitabu yake ya marks."

"Mungu akubariki! Nitafika hata kwa miguu."

"Lakini kesho ni Alhamisi," akasema.

"Nitafika, Njeri."

"Si hiyo shida. Wacha tu. Kuja."

Nililala Murang'a mjini, kwenye hosteli ya kanisa.

Alhamisi asubuhi, barabara ya kutoka Murang'a kwenda Kangema inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo migomba na kahawa zinavyopungua na chai kuanza. Kulikuwa na manyunyu. Nilikaa dirishani nikiona mashamba madogo madogo ya chai yamepangana kila upande wa kilima, na ndani yake watu wamejifunga nailoni kiunoni, vikapu mgongoni, wakichuma. Kwetu Mufindi chai ni ya makampuni, unaona milima na milima ya kijani bila nyumba hata moja, na wachumaji wanakwenda kwa king'ora kila siku ya Mungu. Hapa kila boma lilikuwa na kipande chake, baba, mama na watoto pamoja. Watoto wengine walivaa sweta za shule chini ya nailoni. Nikaona ni jambo zuri la kuandika nyumbani, na hata nikalipangia maneno. Mpumbavu hakosi kazi.

Saa tatu na nusu nikaingia kwenye uwanja wa shule. Ilikuwa sekondari ya kutwa, majengo mawili ya mawe na bendera. Njeri alinipokea getini, mwanamke mfupi wa umri wangu, mwavuli mkononi. Hakunisalimu kwanza. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja mlangoni pa darasa la kidato cha kwanza.

Ndani walikuwemo wanafunzi tisa. Na mbele, kwenye dawati la kwanza, magoti yamemfika kifuani, alikuwa amekaa Bwana Githaiga.

"Wengine wako wapi?" nikamnong'oneza Njeri.

"Leo ni siku ya majani. Lori ya factory inakuja hii side Jumatatu na Alhamisi peke yake. Majani ikichumwa leo lazima iende leo, na watu ya kuchuma ni wachache. Watoto hawakuji. Jana walikuwa thelathini na nane." Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Si nilikuandikia?"

Aliniandikia. Hakunieleza kwa sababu pale hakuna mtu anayehitaji kuelezwa. Ni kama kumwandikia mtu kwamba Jumapili watu huenda kanisani. Nami sikuuliza, ingawa kuuliza si ujinga na nilikuwa na kalamu na muda.

Bwana Githaiga alifungua kitabu cha kanuni na kukiweka juu ya dawati. "Ishirini, Mwalimu Anjela. Mimi naona tisa." Akatazama saa yake. "Saa sita kamili naondoka. Siku niliyopanga mimi ni jana."

Hapo ndipo moyo wangu ulipodondoka, kisha, sijui kwa nini, ukarudi juu na hasira. Nilikuwa nimekaa benchi la polisi kutwa nzima. Nilikuwa nimelia mbele ya wanaume wenye bunduki. Nikamwona mkuu wangu wa shule akinikabidhi sufuria za sayansikimu.

"Hao wengine, wakishachuma, wako wapi?" nikamuuliza Njeri.

"Kwa buying centre. Hapo chini tu. Wanangoja lori."

Nikamgeukia msimamizi. "Mwalimu, kanuni inasema darasa lazima liwe na kuta?"

Akasoma kanuni, kwa kidole, mstari kwa mstari. "Inasema wanafunzi," akakiri. "Haisemi kuta."

Saa nne na robo tulikuwa tunateremka kilima kwenye matope, wanafunzi tisa mbele, Njeri na mwavuli wake, mimi na kitabu changu kifuani, na Bwana Githaiga nyuma kabisa akichagua mahali pa kuweka viatu vyake. Kituo cha kununulia majani ni banda lisilo na ukuta, paa la mabati, meza ndefu za kumwagia majani, na mizani inayoning'inia. Watu walijaa chini ya paa. Karani wa mizani, kijana mwenye kalamu sikioni, alimsikiliza Njeri kwa Kikuyu, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Fundisha tu, mwalimu. Lakini lori ikikuja, hapa hakuna shule."

Nikahesabu. Tisa wetu, na kwenye meza za mbele sita, kumi na tano. Watatu upande wa nyuma. Mmoja nyuma ya magunia. Kumi na tisa. Bwana Githaiga naye alikuwa anahesabu, niliona midomo yake. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Ndipo msichana mmoja akapanda kilima akikimbia, kikapu kimejaa, sweta ya shule imelowa, Njeri akampigia kelele, "Nyambura! Haraka! Uko class!" Mtoto wa watu alishtuka mpaka nusura amwage majani.

"Ishirini," akasema Bwana Githaiga, akabonyeza saa yake.

Nilimkabidhi daftari la maandalio kama kanuni inavyotaka. Somo lilikuwa kueleza jinsi jambo linavyofanyika, hatua kwa hatua, na mfano wangu ulikuwa kutuma barua posta. Nikafungua kitabu changu kwenye ukurasa wa kikaratasi.

Manyunyu yalikuwa yameingia. Wino wote ulikuwa umekuwa doa moja la bluu.

Nikasimama. Wanafunzi ishirini walikuwa wananitazama, na safari hii wazazi wao pia. Bibi mmoja aliyekaa juu ya gunia akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu ni mwarimu wa Tanzania? Wacha tuone kama anajua kitu." Kimya kikarudi, kile kile cha Mufindi, nilikitambua kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba yake. Nilisikia mabati yakidondosha maji. Nilijua kwamba nikikaa hivi kwa dakika moja nyingine nimekwisha.

Nyambura, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye nini, alikuwa amemwaga majani yake mezani akiyachambua. Mikono yake ilikwenda haraka. Jani hili anaacha, hili anatupa chini. Alitupa jani moja zuri, pana, la kijani kabisa. Mimi nimezaliwa kwenye chai, lakini kwetu uchambuzi huo hufanywa ndani ya geti la kampuni, na sikuwahi kuuona.

"Why are you throwing that one away?" nikamuuliza.

Nilimuuliza kwa sababu nilitaka kujua. Aliniangalia kama ninayechekesha. Akajibu, kwa Kiingereza cha kujikwaa, kwamba lile ni zee, ni gumu, karani atalikataa. Je, lipi halikataliwi? Akanionyesha: majani mawili na kichipukizi chake. Nikachukua jani moja nikauliza kama hili linafaa. "No!" wakasema wengi kwa pamoja. Hili? "No!" Bibi wa kwenye gunia akacheka mpaka akashika kiuno. Nikawaambia kwamba mimi ni mgeni, sijui kitu, wanieleze tangu shambani mpaka hapa, jambo la kwanza ni nini, na kisha nini, na baada ya hapo nini. Mvulana mmoja akaanza kwa kufunga nailoni. Mwingine akambishia kwamba kabla ya nailoni kuna chai ya asubuhi. Wakabishana kwa Kiingereza, nami nikawasimamia. Aliyeruka hatua alirudishwa na wenzake. Nilichuma hewa kwa mikono nikakosea makusudi, kisha nikakosea bila makusudi, na mara zote walinirekebisha. Hata karani alitoa kalamu sikioni akasema, kwa Kiingereza safi, kwamba wote wamesahau kutaja kuondoa maji kwenye majani, ndiyo maana kila siku anagombana nao kwenye mizani.

Sijui nilisema maneno mangapi. Sijui nilikosea mangapi. Ninachojua ni kwamba sikuwa nasikia mdomo wangu mwenyewe, nilikuwa nawasikia wao.

Honi ya lori ikapigwa kwenye kona ya juu.

Darasa liliisha kama maji kwenye kichujio. Watu wote wakanyanyua magunia, foleni ikajipanga, karani akawa anapaza sauti. Nyambura, tayari yuko kwenye foleni, kikapu kichwani, aligeuka akanipigia kelele hatua ya mwisho: kisha lori linakuja, na tunakwenda nyumbani kula. Ilikuwa sentensi nzima ya Kiingereza, haina kosa hata moja.

Bwana Githaiga alibonyeza saa. "Dakika thelathini na moja," akasema kwa Kiingereza. "Somo ni arobaini."

Nikamjibu kabla sijajua kwamba ninajibu. Nilimwambia, kwa Kiingereza, mbele ya lori na foleni na bibi wa kwenye gunia, kwamba wale watoto wameeleza kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwamba hakuna hatua iliyobaki, na kama anataka dakika tisa nyingine amwombe dereva arudi kilimani. Nilimwambia kwamba aliyeogopa Chuka ndiye huyu anayemjibu sasa. Njeri alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

Mzee aliegemea nguzo ya banda, akafungua kitabu chake cha alama, akaandika polepole, akanigeuzia nisome. Alama ilikuwa ya chini kabisa ya kupita. Chini yake palikuwa na mistari miwili: Andalio halikufuatwa. Somo lilieleweka.

"Barua ya posta ungewafundisha vibaya," akaniambia kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimfahamu, kisha akaondoka akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga.

Siku hiyo hiyo mchana, baada ya Njeri kunilisha githeri, yale makande yao, na kunicheka mpaka akatoka machozi, nilipata pikapu ya mtu wa maziwa hadi Kiria-ini, kisha Othaya, kisha Nyeri. Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ile, nikachukua pasipoti yangu nikaitia kifuani. Mama Wambui alipoiona akasema tu, "Sasa wewe ni mtu," akanimiminia vikombe viwili.

Miezi iliyobaki ilikwenda upesi, maana mitihani ya karatasi haikuwahi kunitisha. Mwezi wa kumi na mbili nilivuka Namanga na cheti kwenye mfuko wa plastiki, pasipoti mkononi, na afande wa mpakani nikamwamkia shikamoo kwa furaha.

Niliyojifunza si mengi. Nilijifunza kwamba mwenyeji hakuelezi jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu kwake si jambo, ni Alhamisi tu, lazima umuulize. Na nilijifunza kwamba miaka yote minne nilikuwa nawauliza wanafunzi maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo daftarini, nao walijua, ndiyo maana hatukuwa na la kuzungumza.

Mwezi wa kwanza, Jumatatu, Mufindi. Niliingia kidato cha nne na chaki mbili. Skolastika alikuwa bado mstari wa mbele, amerefuka. Aliitazama mikono yangu mitupu, uso wake ukabadilika, akatoka mbio bila ruhusa. Alirudi akihema, ameshika lile daftari langu la zamani alilolikuta juu ya meza yangu ofisini.

"Mwalimu," akanong'ona, wengine wasisikie, "umelisahau hili."

"Sikulisahau, Skola. Kaa, tuanze."

Alinitazama mimi, akalitazama daftari. Kisha akaketi, na daftari akalikalia.